Wembe Mmoja, Timu Nzima

Kapteni Leodgar aliwaongoza vijana wake wa timu ya Buzebazeba kwenda kuchangia damu kama wanaokwenda kupokea kombe. Jumapili walikuwa wamewafunga Bangwe, na tangu hapo hakuna kijiwe ambako hakujitapa: "Mazoezi tu, jamani! Sisi ndumba hatuzijui."

Bangwe nao walikuwa kwenye foleni, sura zimekunjamana kama dagaa waliosahauliwa juani.

Nyuma ya pazia, Sista Marcelina alianza kumuuliza Leodgar maswali yake. Umewahi kuugua manjano? Una wapenzi wangapi?

"Mmoja, sista. Kwa kelele zake, ananitosha."

"Umechanjwa chale karibuni, au kukatwa na wembe wa kuchangia?"

Utani ukamkauka mdomoni. Jumamosi, kule Gungu, mganga alikuwa amewachanja wote, kuanzia kipa mpaka wa akiba, kwa wembe uleule.

"Kwani damu si mtaipima?"

"Tunapima yote: UKIMWI, homa ya ini, kaswende. Lakini maambukizi mapya huweza kujificha, kipimo kisiyaone. Na damu yako huenda akawekewa mama aliyetoka kujifungua."

Feliksi, kipa wake, aliyekuwa wa pili kwenye foleni, akapenyeza kichwa kwenye pazia. "Kapteni, kausha! Ukisema, Bangwe watatuimba mpaka Ujiji."

Leodgar angeweza kusingizia homa akaondoka peke yake. Lakini Feliksi alishakunja mkono wa jezi, na nyuma yake timu nzima.

Akalivuta pazia lote.

"Buzebazeba, tokeni kwenye foleni! Tulichanjwa chale kwa wembe mmoja. Damu yetu leo si ya kumpa mtu."

Bangwe wakaangua kicheko. "Kumbe mazoezi yenyewe ndiyo hayo!"

Leodgar hakuinamisha uso. Alisimama palepale mpaka mchezaji wake wa mwisho akatoka. Ndipo Pastory, kapteni wa Bangwe, akaacha kucheka, akajikuna kifua.

"Na sisi tutoke," akasema kwa unyonge. "Ila wetu haukufanya kazi."

Safari hii hata Sista Marcelina alicheka mpaka akajifuta macho. Kisha akampa Leodgar mkono, kama mtu mzima anavyompa mtu mzima mwenzake. "Miezi ipite, mpimwe, halafu uniletee hawahawa. Watu wa kusema kweli ndio ninaowataka."

Leodgar alitoka akitembea katikati ya barabara. Bodaboda zikampigia honi, hakupisha hata moja.