Kitabu Kilichowaliza Wote

Chama cha wasomaji cha mtaa ule kilikuwa na sheria moja tu, na aliyeitunga ni Mwenyekiti mwenyewe: kusimulia yaliyomo ni marufuku. Unasema unasoma nini, unasema kimekufanyaje, unampa mwenzio, basi. Usimharibie mtu uhondo. Sheria nzuri kabisa, na aliyeifaidi kuliko wote ni huyo huyo Mwenyekiti, maana hakuwa msomaji. Alikuwa mpenda vitabu, na hayo ni mambo mawili, kama kupenda harusi na kupenda ndoa.

Alivipenda vikiwa kabatini, vimefutwa vumbi, vimepangwa kwa kimo. Alipenda kukalia kiti cha mbele sebuleni kwake kila Jumamosi alasiri, miwani ikining'inia kifuani, akainua kitabu juu na kusema, "Hiki, jamani, kisomeni mkiwa na leso." Akijaribu kusoma kweli, ukurasa wa tatu macho yanachoka na akili inakwenda zake jikoni kuangalia kama wali umekauka. Msomaji alikuwa marehemu mumewe. Alipofariki alimwachia mkewe kabati zima, na pamoja na kabati, sifa. Na sifa bwana ni tamu, ukishaionja huulizi imepikwa na nani.

Kitabu alichokisifia kupita vyote kiliitwa Pete Iliyorudi, riwaya ya mapenzi yenye jalada jekundu. Kilishazunguka chama kizima. Mwalimu mstaafu alikirudisha akisema hakupata usingizi. Nesi alisema alikisoma zamu ya usiku, akalia mpaka wagonjwa wakaanza kumpa pole yeye. Mshonaji alikaa nacho muda mrefu, akakirudisha akitikisa kichwa tu, eti hana maneno.

Basi, mtoto wa kiume wa Mwenyekiti akaoa, akamleta mkewe nyumbani. Sasa huyu mkamwana alisoma kweli. Alisoma akikoroga mchuzi, alisoma akisubiri maji yachemke, alisoma hata karatasi iliyofungiwa vitunguu. Jioni ya kwanza tu alisimama mbele ya lile kabati akasema, "Mama, sijui nishukuru vipi. Kwetu walikuwa wananificha vitabu, wanasema nitapofuka. Kumbe mama mkwe wangu ni msomaji." Akamkumbatia. Mwenyekiti hakuwa na binti wa kumzaa. Tangu siku ile hofu yake ikawa moja, binti yule asije akamtazama kwa jicho jingine.

Siku ikafika mkamwana akakitoa Pete Iliyorudi kabatini. "Hiki ndicho unachokisifia, Mama? Nakimaliza, Jumamosi tunakizungumza."

"Taratibu, mwanangu. Hakina haraka hicho."

Jioni hiyo Mwenyekiti alikuwa anapita ukumbini na sahani zake, akasikia kicheko chumbani kwa mkamwana. Akasimama. Kicheko kikaja tena, kile cha mtu anayeziba mdomo kwa mto. Kitabu cha kusoma na leso, mtu anacheka nini?

Kesho yake mkamwana alipokwenda sokoni, Mwenyekiti, mtu mzima na heshima zake, akanyata nyumbani kwake mwenyewe mithili ya mwizi. Akakikuta kitabu kitandani. Akavaa miwani, akafungua palipowekwa alama.

"Sura ya Nne. Kuharisha kwa Vifaranga."

Akalitazama jalada. Pete Iliyorudi. Akafunua kwingine. Namna ya kujenga banda. Kwingine. Dalili za mtetea anayekula mayai yake. Akaketi. Ndipo akakumbuka kwamba zamani alipeleka vitabu viwili kwa fundi wa majalada siku moja, riwaya na kitabu cha marehemu cha ufugaji wa kuku. Fundi akavibadilishia nguo, hiki akakivika jalada la kile. Na kile kingine, chenye jalada la kuku, shemeji yake alikiomba akafugie, akaja baadaye macho mekundu, anasema kitabu kimemliza sana na kuku wamekufa wote. Watu wakadhani analilia kuku.

Mwenyekiti akaanza kucheka. Nesi alilia nini, vifaranga? Mwalimu alikosa usingizi kwa ajili ya banda? Lo, watu waongo hawa. Halafu kicheko kikamkatika, maana alikumbuka nani aliyewaambia wabebe leso. Yule binti jana hakuwa anacheka kuku. Alikuwa anamcheka yeye. Mwenyekiti akaumia, akaumia kwelikweli.

Jumamosi sebule ikajaa. Mwenyekiti kitini, maji yamemfika shingoni. Mwalimu akamgeukia mkamwana. "Haya mgeni wetu, unasoma nini?"

"Pete Iliyorudi." Mkamwana alikuwa anatabasamu kwa pembe ya mdomo. "Ila mimi mdogo, nitasemaje mbele ya aliyetupendekezea? Mama, wewe kilikugusa wapi?"

Uongo ulikuwepo tayari mdomoni, umeshapashwa moto. Mwenyekiti akamtazama yule binti, akaona afadhali aibu ya leo. Mficha uchi hazai. Akapiga moyo konde.

"Sijakisoma," akasema. "Hiki wala vingine. Msomaji alikuwa mume wangu. Mimi nafuta vumbi."

Tabasamu la mkamwana likayeyuka. Hakuwa ametaka hilo, alitaka mchezo tu.

Lakini wenzake je? Nyani haoni kundule. Mwalimu akashika shavu. "Mwenyekiti wa wasomaji hasomi? Miaka yote hii?" Nesi akasema sisi wengine tunakesha na vitabu, mwenzetu anakaa na kiti. Mshonaji, asiyekuwa na maneno siku zote, leo akayapata: huyo apishe kiti. Na Mwenyekiti akanyanyuka, nyumbani kwake, akaenda kukaa kwenye kigoda karibu na mlango. Kiti akakikalia Mwalimu.

Mkamwana akasimama. Sasa alikuwa amekasirika. "Sawa. Basi Mama naye akisikie. Kisomwe hapa kwa sauti. Mwalimu, tuanzie ukurasa uliokukosesha usingizi."

Mwalimu akapokea kitabu kwa madaha. Akafungua. Akafunua ukurasa, akafunua mwingine, akageuza jalada, akakohoa. Kisha akanyoosha mgongo kama yuko mbele ya darasa.

"Alisimama dirishani," akasoma, "pete mkononi, mvua ikinyesha. Akamwambia: nyamaza, na wewe uliye nyuma, nyamaza pia." Akafunga kitabu haraka. "Koo limekauka. Nesi, pokea."

Nesi akafungua, akaganda. Akamtazama Mwalimu. Mwalimu akatazama dari.

"Ndipo... ndipo akaanguka," akasema Nesi. "Wakampima presha. Ilikuwa juu sana. Daktari akaingia, kijana mtanashati, hajaoa." Akamsukumia Mshonaji.

Mshonaji alitoa jasho. "Alikuwa amevaa gauni," akaanza. "La hariri. Limekatwa mshazari, zipu ubavuni, marinda madogo madogo..." Akaendelea na marinda kwa muda, kisha nguo ikaisha na hadithi ikaisha. Mkamwana alikuwa amejifunika uso kwa mtandio, mabega yakimcheza. Mshonaji akatazama huku na huku, akaona amebaki mmoja tu. Akakitua mapajani kwa yule wa kwenye kigoda.

Macho ya watu wazima watatu yakamwomba. Mwenyekiti aliyaona vizuri. Angeweza kuongeza harusi, wakapiga makofi, na kila mtu akaenda kwake na heshima yake. Akavaa miwani. Akasoma polepole, kwa kidole, yaliyoandikwa.

"Kuku anayeumwa hujitenga na wenzake. Hushusha mbawa. Mbele ya wengine hujifanya anakula, hudonoadonoa chini, lakini hamezi kitu. Mfugaji asiye makini hudhani ameshiba."

Mshonaji akakunja ncha ya khanga yake. Nesi alijitafutia kitu ndani ya pochi, hakukipata. Mkamwana alikuwa ameondoa mtandio usoni, anamtazama mama mkwe wake, na hakuwa anacheka.

Mwalimu akanyanyuka kwenye kile kiti. Hakusema samahani, si mtu wa samahani yule. Alikisogeza tu mpaka kwenye mwanga wa dirisha, akakipangusa kwa mkono.

"Wangu wawili wako hivyo hivyo tangu juzi," akasema. "Wameshusha mbawa. Njoo ukae hapa unapoona vizuri, Mwenyekiti. Dawa yake ni nini?"

Mwenyekiti akaja, akaketi, akafunua ukurasa unaofuata, na kwa kweli naye alitaka kujua.