Meli Yenye Pindo

Kiharusi kiliniachia mkono wa kushoto unaoitika kwa kuchelewa, kama mtoto aliyeitwa akiwa mchezoni. Daktari wa mazoezi akasema niushughulishe na vitu vidogo vidogo. Binti yangu akaniletea shanga.

"Shanga za nini? Mimi ni fundi cherehani, si bibi harusi."

"Ufundi basi tena, mama," akasema taratibu. "Pumzika. Kuna mtu anakuja Jumamosi kuichukua cherehani. Mume wangu atauzia simu hapa chumba cha mbele."

Nilikwenda duka la michezo ya watoto, nikarudi na boksi: meli ya mizigo ya kuunganisha mwenyewe, ya kuendeshwa kwa rimoti. Sikutaka kujipima kwa nguo, maana kwenye nguo mkono ungenidanganya kwa mazoea. Mimi na meli hatukuwahi kujuana.

"Ikielea na ikanitii, cherehani haitoki," nikawaambia wote wawili. "Ikizama, nitamfungulia mnunuzi mlango mwenyewe."

Mkwe wangu akacheka. Si mtu mbaya; ana haraka tu, na suruali za dukani zinazombana. "Mama, hiyo kazi ya mainjinia."

"Basi wakipita, waambie nipo."

Nikaanza, pale pale kwenye meza yangu ya kukatia. Mwili wa meli ulikuja mzima. Mota, usukani na panga boi la kusukumia maji viliingia bila ugomvi. Kasheshe ilikuwa sitaha. Vipande vyake vilichorwa kwenye bamba jembamba la plastiki, navyo hukatwa juu ya mstari. Mimi nikakata nje ya mstari, nikaacha nafasi ya mshono, kama nilivyokata maisha yangu yote. Nilipoiweka, sitaha ikazidi pande zote.

Mkwe akachungulia. "Mama! Hata meli unaiachia nafasi ya kunenepa?"

Alikuwa na haki ya kucheka. Nikachukua msasa. Mkono wa kushoto ushike, wa kulia usugue. Wa kushoto ukiachia, naurudisha. Ukiachia tena, naurudisha tena. Sitaha ikakaa.

Ukabaki mfuniko wa tumbo la mizigo, nao umezidi vile vile. Kisha nikawasha pasi, nikatandika kitambaa kibichi juu ya kingo zake, nikazikandamiza mpaka zikalainika na kukunjika kwenda chini kama pindo la gauni, zikaukumbatia mdomo wa tumbo. Karatasi ya maelekezo haikusema hivyo.

"Umekosea tena," binti yangu akasema.

"Safari hii nimekusudia."

Jumamosi, kabla mnunuzi hajafika, tukaenda kwenye bwawa la bustani. Meli tupu ilielea juu juu ikiyumba, nikaijaza tumboni vifuko vya mchanga nilivyoshona kwa mkono. Ikatulia.

Rimoti ina vijiti viwili: cha kulia hugeuza, cha kushoto huamua mwendo.

"Hicho cha kushoto mpe mume wangu."

"Hapana."

Kidole gumba kikakawia, meli nayo ikakawia. Halafu ikaondoka, ikafika katikati ya bwawa.

"Maji yametulia," mkwe akasema. "Hapa hata ndala inaelea."

"Basi yatikise."

"Lakini mama..."

"Yatikise, baba. Usiyaonee huruma."

Akachuchumaa ukingoni, akayasukuma maji kwa mikono miwili. Wimbi likapanda juu ya sitaha. Meli ikalala ubavu mpaka nikauona upande wake wa chini, mwekundu, na binti yangu akajiziba mdomo. Kidole kilitaka kuachia. Nikakikatalia. Meli ikainuka, ikageuka, ikaja dhidi ya mawimbi mpaka miguuni petu.

Nikafungua mfuniko. Ndani pakavu, vifuko havikulowa hata uzi. Mkwe akapitisha kidole kwenye lile pindo. Akataka kusimama, na sote tukasikia: kraa! Suruali ilikuwa imeachana njia mbili, mbele ya mama mkwe. Akakaa upesi pale pale kwenye maji.

Binti yangu alikuwa ameshatoa simu. "Usije," akamwambia mnunuzi. "Haiuzwi."

"Mwambie mumeo," nikasema, nikiangalia miti kwa heshima, "tukifika nyumbani aivue niishone. Nitamwachia nafasi ya kunenepa."