Watu Wanne wa Kubeba Kitanda

Birika la umeme la Baraza liliungua asubuhi, wajumbe wakiwa katikati ya hoja, na mkalimani akatumwa stoo kutafuta jingine kwa kuwa kibanda chake ndicho kilichokuwa karibu na mlango wa stoo. Akafungua. Badala ya mafagio na viti vibovu alikuta jiko la dada yake, lililo katika nchi ambayo hata ukienda kwa ndege lazima ulale njiani. Dada yake alikuwa anachuja chai.

"Ingia au funga," dada alisema. "Moshi utawajaa huko."

Haukuwa moshi wa kuni. Mtaa wa pili ulikuwa unaungua, na huo ndio uliokuwa mjadala wetu wiki nzima: nchi ile iko katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, je, sisi wengine tuingilie au tuwaache? Kiti chao ukumbini kilikaliwa na wajumbe wawili, mmoja wa kila upande, na kwa kuwa hakuna aliyekubali kusimama, walipakatana kwa zamu. Mkalimani aliomba birika. Dada akasema birika lake haliendi popote, ila chai ipo. Akammiminia kikombe, akamtilia sukari nyingi bila kumuuliza, kama alivyomzoesha tangu utotoni, kisha akawapangia na wajumbe vikombe vyao kwenye trei.

Basi ndivyo tulivyoanza kunywa chai ya vitani. Sisi wa Baraza si watu wa kushangaa ovyo. Mama Itifaki, anayesimamia taratibu zote za jengo, alikuja kuukagua mlango, akauliza kama unafungika, akaambiwa unafungika, akabandika utepe mwekundu kwenye kizingiti. Mguu wa mtumishi yeyote ukivuka utepe ule, alieleza, itahesabika kwamba Baraza limeivamia nchi huru. Trei haikuwa na neno, maana ilikuwa inakuja kwetu. Wajumbe waliisifu chai hiyo sana. Mmoja aliuliza kama inawezekana iongezwe majani kidogo.

Kesho yake dada alimshika mkono mkalimani alipokuja kuchukua trei.

"Mdogo wangu, nina shida."

Mama yao alikuwa amelala chumba cha ndani, nyonga imevunjika. Daktari, kabla hajakimbia na yeye, aliagiza mgonjwa asibebwe mgongoni wala asikalishwe; akihamishwa, ahamishwe amelala vilevile. Barabarani hapakupitika kwa risasi. Lakini kutoka kitandani kwake hadi stoo yetu ilikuwa ni kukata kona moja tu.

"Nipe watu wanne," dada alisema. "Kila mmoja ashike mguu mmoja wa kitanda. Hata chai haitapoa, mama yuko kwenu."

"Watatu. Wa nne mimi."

"Haya, njoo."

Mkalimani akautazama utepe. "Ngoja niulize kwanza," alisema.

Kwenye korido madereva wa wajumbe, wanaume wenye mabega kama milango ya kabati, walikuwa wanacheza karata. Angewaita kwa mluzi tu wangekuja. Lakini mkalimani alikuwa amekula kiapo cha kutokuwa na upande, na sisi viapo vyetu tunaviheshimu sana, hasa vile vinavyoturuhusu kukaa.

"Kasuku amekuja?" Sauti ya mama ilitokea chumba cha ndani. Hilo lilikuwa jina lake la nyumbani. Alipokuwa mdogo, kila alichokisikia alikirudia.

"Yupo mlangoni, mama," dada alijibu.

"Mbona haingii? Mwambie aje ale."

"Nakuja, mama," mkalimani alisema. "Kikao kikiisha tu."

Roho ilimuuma, tena sana. Akarudi kibandani.

Suala la kitanda liliwekwa mbele ya Baraza siku hiyohiyo, jambo ambalo kwetu ni kasi ya ajabu na tulijipongeza kwa hilo. Wa kwanza kusema alikuwa mjumbe mkongwe tuliyemwita Bwana Polepole.

"Leo kitanda, kesho kabati, keshokutwa tumehamia," alisema. "Mmesahau tulipokwenda kumsaidia jirani mara ile? Tuliondoka na fremu zake za milango."

Ukumbi ulicheka, maana ilikuwa kweli, na mlango wa ukumbi wetu umepachikwa kwenye fremu mojawapo.

Mjumbe wa pili alikuwa mama mmoja aliyepewa jina la Ngumi kwa jinsi alivyokuwa akipiga meza. Yeye alitaka tuingilie leo hii hii, na vifaru, na helikopta, na askari wa kujaza uwanja wa mpira. Alipoulizwa kuhusu watu wanne, aliguna.

"Wanne? Chombo kikubwa kama hiki? Tukienda twende kweli, la sivyo tusijiaibishe."

Kwa hiyo waliotaka kwenda na wasiotaka kwenda wakajikuta wanakubaliana, na wengi wetu tuliguswa. Mtu akauliza kama kitanda chenye mgonjwa ni samani au ni raia. Hapo ndipo tulipofika wakati wa chakula.

Mchana Mwenyekiti aliruhusu dada aseme, akiwa mlangoni, upande wake wa utepe. Mkalimani alikuwa amempa kifaa cha kusikilizia cha kuvaa sikioni, hivyo yote alikuwa ameyasikia. Sasa, kazi ya ukalimani ina desturi yake. Mkalimani hasemi "anasema kwamba." Mjumbe akisema "mimi," naye husema "mimi," akifurahi hufurahi naye, akikasirika hukasirika, mradi iwe kwa adabu. Ni kazi nzuri. Ukishaizoea husikii unachokisema.

"Hivi nyinyi mna akili kweli?" dada alianza. "Chai yangu mnaimaliza, kitanda cha mama yangu kinawashinda? Nani kaomba jeshi? Majeshi ninayo tele hapa nje, tena mawili! Nimeomba watu wanne, basi!"

Mkalimani akafungua kipaza sauti. Alikusudia kabisa kuyasema vilevile yalivyo. Lakini kinywa kilikuwa na mazoea yake.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," kilisema, "natambua mchango mkubwa wa Baraza, na nahimiza juhudi ziendelee kuongezwa."

Ukumbi mzima ulisimama ukapiga makofi.

"Mbona wanashangilia?" dada aliuliza.

"Wamekuelewa," mkalimani alisema, na hakuweza kumtazama usoni.

Alasiri dari ya chumba cha mama ilianguka. Ukumbini maji yalitikisika kwenye glasi, na Mwenyekiti akaomba mlango wa stoo ufungwe, kelele zimezidi. Mkalimani alikuwa katikati ya sentensi ya Bwana Polepole, na mkalimani haachi sentensi ya mtu njiani. Sentensi za Bwana Polepole tunazijua wenyewe. Ilipofika mwisho alikurupuka, akausukuma mlango, mguu mmoja ukavuka utepe. Mama Itifaki akakohoa. Mguu ukarudi.

Jikoni kulijaa vumbi. Dada alikuwa amekaa sakafuni.

"Mama katutoka," alisema. "Ulichelewa nini, wewe?"

Watu wanne walikuwa wamepatikana. Wawili walitoka jeshi hili na wawili jeshi lile. Walikuwa wakirushiana risasi mtaani tangu alfajiri, wakasikia kilio, wakaja, wakaegemeza bunduki zao ukutani karibu na ndoo ya maji, na kila mmoja akashika mguu wake wa kitanda. Jeneza halikuwepo, kwa hiyo walimbeba mama amelala vilevile, kama daktari alivyoagiza. Wakaikata ile kona. Wakapita jikoni mbele ya mkalimani, karibu kiasi kwamba angenyoosha mkono angeigusa shuka, wakatokea uani. Walipomaliza kuzika wakanawa, wakampa dada pole, kila mtu akachukua bunduki yake, wakarudi kupigana.

Mkalimani alilia bila kujificha. Mwenyekiti alitusimamisha kimya kwa dakika moja, kisha akauliza kama yupo mkalimani mwingine, akaambiwa hayupo. Bwana Polepole alikuwa ameshanyoosha mkono. Kiti chake kinatazamana na stoo, aliona kila kitu, na alikuwa ameguswa.

Akapewa nafasi. Mkalimani akarudi kibandani, macho mekundu, akafungua kipaza sauti kumtafsiria.

"Nimefurahi sana," alisema kwa lugha ya nyumbani, kwa ile sauti tulivu ambayo siku zote tumemsifu kwayo, "kuona watu wa pande mbili wakibeba kitanda kimoja. Hii inaonyesha kwamba wenyewe wanaweza, na kwamba tulifanya vyema kutoingilia. Naomba iandikwe kuwa leo ni siku njema kwangu."

Wale wajumbe wawili waliopakatana walitikisa vichwa kukubali. Azimio lilipita bila kupingwa. Hata Ngumi aliinua mkono. Mama Itifaki aliubandua utepe uliokanyagwa, akabandika mpya. Birika halijanunuliwa hadi leo, maana hakuna anayeiona haja.

Dada alikuwa mlangoni, kifaa kikiwa bado sikioni. Alisikiliza hadi neno la mwisho. Mkalimani alipokuja kuchukua trei, alimmiminia kikombe chake pamoja na vya wengine, akashika kijiko, akangoja.

"Wewe," alimuuliza, kama anavyoulizwa mgeni yeyote, "unakunywa na sukari, au bila?"