Kipande cha Kasiva

"Hilo vumbi lako la mbao, Baba Kasiva, si uwe unalikusanya mfukoni? Hizi ni kanzu za kwaya. Unataka nisimame madhabahuni kama niliyemwagiwa unga?"

"Upepo sikuutuma mimi, Mama Carolyne."

"Upepo haujui kuchonga twiga."

Majirani wa ploti walikuwa washatoka na vikombe vyao vya chai. Pale Makadara, ugomvi wa Apondi na Mzee Muthama ulikuwa kama taarifa ya habari: ukiukosa, utasimuliwa vibaya. Apondi, mamake Carolyne, alipaka watu rangi za kucha barazani kwake. Muthama alichonga vinyago upande wa pili wa kamba ya nguo. Basi, kila siku wana la kusema.

Kasiva, bintiye Muthama, alikuwa ndani akifungua kisanduku chake. Kesho asubuhi angesimama mbele ya maprofesa waliokuwa wakitafuta mhadhiri msaidizi mmoja tu. Wenzake wangeenda na makaratasi. Yeye angeenda na kipande cha silikoni, chembamba kama ganda la yai, alichokichimba kwa dawa mifereji midogo kuliko unywele, ili siku moja tone la damu lijigawe lenyewe na kumwonyesha daktari malaria iliko. Mwaka mzima wa kazi ulikuwa mle kisandukuni.

Akafunua. Kipande kilikuwa cheusi, kinanukia viatu.

Akatoka nacho. "Baba, nani amegusa hiki?"

Mzee akatabasamu. "Nimekumalizia, mama. Nilikiona kina mikwaruzo, nikakipiga rangi ya viatu. Kazi haitoki kwangu bila kung'arishwa."

"Hiyo mikwaruzo ndiyo kazi yenyewe, Baba. Sasa imeziba."

Alitaka kukasirika, akashindwa. Ni twiga waliong'arishwa kwa rangi hiyohiyo waliomsomesha tangu darasa la kwanza. Mzee aliketi polepole juu ya kigoda.

"Haitoki?" Apondi akauliza. Sauti ya ugomvi ilikuwa imemwisha.

"Mafuta ya taa yatatoa nta, lakini yanaacha utando. Huo unataka asetoni, na maabara washafunga."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ile ya kutolea rangi ya kucha, mama."

"Na wewe unaiita kwa jina la chuo." Akaingia kwake, akarudi na chupa iliyojaa.

"Si hii ni ya maharusi wa Jumamosi? Itaisha."

"Iishe. Wataolewa na kucha walizozaliwa nazo."

Kasiva akaosha kwa mafuta ya taa, akasuuza, akaosha tena kwa asetoni, bila kusugua, hata kipande kikarudi kung'aa. Kisha akaomba kikombe cha jirani, akachovya njiti, akadondosha tone la chai ya rangi kwenye ncha ya mifereji. Ploti nzima ikainama.

"Rudini nyuma, mnakipumulia."

Chai ikatambaa. Ikafika njia panda, ikagawanyika, ikagawanyika tena. Mfereji mmoja ulibaki mkavu; mingine yote ikajaa.

"Nani anaisukuma?" Apondi akanong'ona.

"Hakuna. Njia ikiwa nyembamba hivyo, inavuta maji yenyewe."

Mzee Muthama aliinua macho. "Mwanangu, umechonga mahali mkono wangu haufiki."

 Kasiva alimshika Apondi mkono, hakuuachia, na Apondi, mwenye maneno ya kugawia mtaa mzima, akasema tu, "Uende ukawaonyeshe."

Mzee hakuomba radhi kwa mdomo. Alibeba kigoda na tezo lake la kuchongea, akavihamishia nyuma ya nyumba, upepo unakoelekea, kisha akarudi kuzikung'uta zile kanzu moja moja. Apondi akaanza kuzianua.

Nthoki, mkewe Muthama, akatokeza mlangoni na mwiko mkononi.

"Mama Carolyne, ziache hapo. Muthokoi umeiva, na Carolyne nishamwita. Ingia tule."