Mafuta Kwenye Bilauri

Bilauri ya saba nayo ilikataa. Liberatus Kalinga aliinyanyua kwa kushika mguu wake mwembamba, akaielekeza dirishani, akafumba jicho moja. Alikuwa ameiosha kwa maji ya moto na sabuni, akaisugua kwa siki, akairudia kwa magadi, akaisuuza mara tatu. Ilipokuwa imelowa iling'aa. Ilipokauka tu, utando ule mweupe ukarudi palepale, tumboni mwa bilauri, kama tongo kwenye jicho la mtu mgonjwa. Alipitisha ukucha. Ukucha haukutoa kitu.

Nje manyunyu yalikuwa hayajakatika tangu Jumatatu. Huku Mufindi ndivyo kulivyo: chumvi huyeyuka kibuyuni, viatu vikikaa wiki moja chini ya kitanda vinaota ukungu wa kijani, na mashuka hufuliwa leo yakakauka siku Mungu atakayopenda. Ilikuwa Alhamisi. Jumamosi mchana Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, angepanda kutoka Iringa kuja kula chakula katika nyumba hii ya shamba la chai, na Memsabu, mke wa bwana wa shamba, alikuwa amekwisha toa neno lake.

"Jumamosi nataka hii yote safi kabisa," alimwambia, akigonga meza kwa kidole. "Kama bado chafu, wewe nakwenda Iringa kama Silvester."

Hakuhitaji kusema zaidi. Silvester ndiye aliyekuwa boi wa nyumba hii kabla ya Liberatus. Aliteleza na bakuli la kioo, bakuli likapata ufa, basi. Kulikuwa na sheria ya mabwana na watumishi, nayo ilisema mtumishi akiharibu mali ya bwana wake kwa uzembe, jela. Silvester alikula miezi mitatu Iringa. Aliporudi alikuta mkewe na watoto wameshafukuzwa kambini kwa wafanyakazi, hakuna ajuaye walikoelekea, na kibanda chao kimepewa mtu mwingine. Mtu huyo alikuwa Liberatus. Kwa miaka saba sasa yeye na Severina na watoto wao wanne walilala chini ya paa hilo, na kila alipolitazama alimkumbuka Silvester. Kwa wazee wake hakukuwa tena na pa kurudi. Shamba la baba yake lilikuwa lile pale ng'ambo ya kijito, sasa lote chai.

Na kilichoziharibu bilauri kila mtu ndani ya nyumba alikijua. Memsabu alikwenda kwao Ulaya miezi saba. Kabla ya kuondoka alizifunga bilauri zake kumi na mbili katika magazeti, akazitia kabatini, akafunga kwa ufunguo, ufunguo akautia mkobani akaenda nao. Masika yote yakapita juu ya kabati lile. Aliporudi akalifungua, magazeti yalikuwa mabichi, yamegandamana na vioo hata yakabanduliwa vipandevipande. Unyevu ulikuwa umekila kioo chenyewe. Hiyo haikuwa taka ya kuoshwa, ilikuwa kidonda.

Liberatus alijaribu kusema, mara moja tu. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, akasema labda, Memsabu, labda ni unyevu wa kabati. Memsabu alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Kabati hii natoka Uingereza," alisema.

Yotamu mpishi, Mnyakyusa mtu mzima aliyekuja kutoka Rungwe zamani za vita, alimvuta jikoni akamtuliza. "Baba Apolonia, usibishane naye," alisema, akimwita kwa jina la binti yake mkubwa kama ilivyo adabu. "Hapa aliyekosea hatafutwi. Tafuta namna."

Namna akaipata Ijumaa asubuhi, na wala hakuitafuta. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa magadi mpaka inatoa damu. Kabla hajatoka nyumbani Severina aliipaka mafuta ya nyonyo, yale anayoyakamua mwenyewe kwa kuchemsha mbegu, wanayojipakaa wote kambini wakati wa baridi. Alipofika kazini, akaishika bilauri ya kwanza, akaona jambo. Mahali kidole gumba kilipogusa palikuwa pangavu kabisa. Ungeweza kuona msonobari wa nje kupitia hapo, mpaka sindano zake.

Alikaa kwenye kigoda. Kisha akapanguza mkono wake kwenye kitambaa, akapitisha kitambaa kwenye bilauri nzima, na utando wote ukatoweka.

Yotamu alipoonyeshwa alikuna shingo. Aliuliza, mafuta na kinywaji vitapatana kweli? Liberatus akasema atafuta mpaka kidole kisisikie kitu. Na alifanya hivyo, maskini. Alizipaka zote na kuzifuta sana, akaziacha mezani. Baada ya saa moja utando ulikuwa umerudi kwenye nne. Akarudi nyumbani mbio, akachukua kibuyu kizima cha Severina, akapaka tena. Safari hii hakufuta sana. Hilo ndilo kosa lake, kama unataka kuliita kosa. Mtu aliyeona jela kwa macho ya Silvester hafuti sana.

Jumamosi asubuhi Memsabu alizikagua, moja baada ya nyingine. Uso ukamfunguka.

"Unaona?" alisema. "Ilikuwa uvivu tu."

"Ndiyo, Memsabu," alijibu Liberatus, na moyo ukamtulia kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Usimcheke. Hata wewe ungeshukuru.

Wageni walifika saa saba. Bwana Shauri alikuja na mkewe, na pamoja nao bwana mmoja ambaye Liberatus hakuwa amemwona kabla, mwekundu wa shingo, aliyehama kutoka Kenya juzijuzi na kununua shamba upande wa Nyololo. Kiunoni alikuwa na bastola, na alipoketi kula hakuivua. Kule Kenya mwaka ule kulikuwa na vita vya wenyeji dhidi ya masetla, na bwana huyu alikuwa na hadithi moja tu: boi aliyekaa na bwana wake miaka ishirini, mwema, mpole, mpaka siku moja. Aliisimulia kwa Kiingereza, lakini neno boi halihitaji mkalimani, na kila alipolitaja alimtazama Liberatus aliyesimama ukutani na kanzu yake nyeupe na mshipi mwekundu.

Liberatus alimimina mvinyo mwekundu katika bilauri tano. Akarudi ukutani.

Aliyeona kwanza alikuwa mke wa Bwana Shauri. Aliisogeza bilauri karibu na macho, akasema neno kwa sauti ndogo. Bwana wa Kenya akainamia yake. Juu ya mvinyo kulikuwa na macho ya mafuta, madogomadogo, yanazunguka polepole kama kwenye mchuzi. Mara kiti kikaburutwa, bwana yule akawa amesimama, na mkono wake ulikuwa kiunoni.

"Wekeni chini. Msinywe," alisema kwa Kiswahili, ili Liberatus asikie. "Wewe. Umetia nini humu?"

Alisikia saa ya ukutani ikipiga tiki, tiki. Angeweza kusema sijui. Lakini tangu utotoni padri alimfundisha kwamba kweli haimdhuru mtu, naye katika woga ule akashika hilo hilo.

"Mafuta, bwana."

"Mafuta ya nini?"

"Ya nyonyo."

Bwana wa Kenya alicheka kicheko kikavu. Akawageukia wenzake akasema nao haraka, na Liberatus aliona mke wa Bwana Shauri akiisukuma bilauri kwa ncha ya kidole. Ndipo Bwana Shauri, mtu mpole wa sauti, mwenye Kiswahili kizuri kuliko cha Liberatus mwenyewe, akamweleza kwamba mbegu ya nyonyo ni sumu. Mbegu chache zinamtosha mtu. Je, hakujua?

Liberatus alisema mbegu wanajua hazitafunwi, hata watoto wanakatazwa, lakini mafuta wanajipaka tu. Alisema alipaka ili bilauri ziwe safi. Alisema zilikuwa na ukungu usiotoka. Akamtazama Memsabu, kwa sababu yeye alijua, yeye ndiye aliyeziona.

"Hazikuwa na ukungu," alisema Memsabu. Uso ulikuwa umempauka. Labda alikuwa anaogopa kama Liberatus, labda aliona haya mbele ya wageni, lakini alisema. "Mimi naangalia leo asubuhi. Zote safi."

Yotamu akaitwa kutoka jikoni. Akaulizwa kama alijua habari ya mafuta. Alisimama akipangusa mikono kwenye aproni yake, ingawa mikono ilikuwa mikavu.

"Sikujua, bwana," alisema, na hakuinua macho.

Liberatus hakumkasirikia. Yotamu naye ana watoto, na mmoja wao anasoma.

Bwana wa Kenya alitaka afungwe kamba hapohapo. Bwana wa nyumba, mumewe Memsabu, uma ungali mkononi, alisema kitu kuhusu miaka saba. Hapo bwana wa Kenya akapiga meza. Miaka saba, ishirini, ndiyo ile ile. Kama ni mafuta tu, basi anywe. Anywe zote tano.

Bwana Shauri alifikiri, akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane kasoro robo.

"Utakunywa," alimwambia Liberatus, kwa upole ule ule. "Kisha utasimama hapo mbele yetu. Ukiwa salama mpaka saa nane na robo, nitajua kuwa ni upumbavu tu, nawe utakwenda nyumbani kwako. Ukiugua, nitajua ni sumu. Hapo ni kesi ya kutaka kuua watu watano. Umenielewa?"

"Nimeelewa, bwana."

Alikunywa. Tangu alfajiri hakuwa ametia kitu tumboni, maana boi hula meza ikishaondolewa. Wala hakuwa amegusa pombe miaka saba, hata ulanzi wa msimu, pombe ya mianzi ambayo kila mtu hunywa huku. Memsabu alikuwa na desturi ya kumnusa mdomo kila asubuhi kabla hajavuka kizingiti. Bilauri ya kwanza ilimkwaruza koo. Ya pili ilikuwa na mafuta mengi, yakamganda midomoni. Ya tatu, ya nne. Ya tano aliimeza macho yamefumbwa, akaiweka mezani taratibu asije akaivunja.

Waligeuza viti vyao wakakaa wakimtazama. Hakuna aliyekula. Dakika tano zilipita. Bado alikuwa mzima, amesimama, akaanza kuona njia ya kwenda kwake, matope ya kambini, Severina mlangoni. Mungu wangu, nishikilie mpaka robo tu, aliomba, robo tu.

Ndipo joto likaanza kumpanda kutoka tumboni. Sakafu, aliyoipaka nta kwa magoti yake mwenyewe jana, ikaanza kuinama. Alibana vidole vya miguu. Alijua hii ni nini, kila Mhehe anajua hii ni nini. Ni pombe juu ya tumbo tupu, na akilala kidogo itakwisha. Lakini nani awaambie? Alitamka mwenyewe kichwani: bwana, nimelewa tu. Akaona jinsi bwana wa Kenya atakavyocheka. Akameza mate, na mate yalikuwa mengi mno.

"Anatetemeka," alisema bwana wa Kenya.

"Ni woga, bwana," alisema Liberatus, na maneno yakatoka mazito, yamevimba mdomoni. Waliyasikia yalivyotoka. Walitazamana.

Saa nane kamili ikagonga. Kila mlio wa kengele ulimwingia tumboni. Alifikiria Apolonia, akafikiria paa la Silvester, akabana meno mpaka taya likauma. Jasho lilimdondoka kidevuni juu ya kanzu. Dakika kumi na tano, ni nini dakika kumi na tano? Alifungua mdomo aseme sasa, aseme liwalo na liwe kwamba ni mvinyo wao, na kilichotoka hakikuwa maneno. Alianguka kwa magoti, akatapika mbele ya watu wote, matapishi mekundu kwenye zulia.

Bwana Shauri alitoa kitabu kidogo mfukoni, akatazama saa, akaandika. Aliagiza askari aliyekuwa nje kwenye gari aingie. Kisha akaeleza, bila hasira yoyote, kwamba matapishi yale lazima yafike kwa daktari Iringa kabla ya jioni, na akaomba chombo cha kuyatilia.

Yotamu alikimbia akaleta chupa ya jemu. Memsabu aliipokea, akaipindua, akamrudishia.

"Hii chafu," alisema. "Osha vizuri kwanza. Daktari lazima aone."

Askari alikuwa amekwisha mkunja Liberatus mikono nyuma. Kutoka pale sakafuni alisikia maji yakimiminwa jikoni, kisha kitambaa kikikwaruza kioo, kinazunguka, kinazunguka, kwa bidii sana.