Chungu cha Ettore

Wifi yangu Clelia aliweka kijiko mezani, akaisukuma sahani ya supu kwa kidole kimoja kama mtu anayemwondoa paka.

"Maji," akasema. "Maji ya moto yaliyopitiwa na ng'ombe."

"Ng'ombe mwenyewe hakupita karibu," Wakili Ubaldo akamjibu. "Alipunga mkia tu kutoka ng'ambo."

Wakacheka, lakini kicheko cha watu wenye hasira. Wilmer, mhudumu wetu, alisimama nyuma ya kiti changu na kitambaa mkononi. Nilimwona akikikunja upya.

Tulikuwa tumetoka Genova mchana ule, tukielekea Lisbon na kurudi. Kila mwaka majira ya vuli tunasafiri na meli hii, Donna Lucrina, na kila mwaka tunapewa meza ileile ya dirishani, upande wa nyuma wa meli. Zamani tulikuwa wanne. Wa nne alikuwa mume wangu Ettore, Mungu amrehemu, mwenye kiwanda cha koki za mabomba kwetu kando ya ziwa la Orta. Mimi niliingia kiwandani kwake kung'arisha koki nikiwa na elimu ya darasa la tano tu, nikaishia kuwa mkewe. Clelia ni dada yake. Ubaldo ndiye aliyetuandikia hati zote za kiwanda, na tangu azikwe mkewe amekuwa kama ndugu.

"Meli hii imekwisha," Clelia akasema. "Taulo za zamani ulikuwa ukijifunga unahisi umekumbatiwa. Za sasa ukijifunga, Ubaldo anakuona mpaka kitovu."

"Sijalalamika," akasema Ubaldo.

"Shika adabu yako, mzee. Nasema imekwisha. Supu ndiyo imenikata maini kabisa. Tangu kaka yangu afariki, supu ya meli hii haina roho."

Nilikula yangu. Kusema kweli hata mimi sikuipenda. Lakini mimi ni mtu wa kutazama kwanza, na nilikuwa nimeshaanza kujiuliza jambo. Safari yangu ya kwanza, nilipoingia chumbani nikakuta shuka limekunjwa pembeni na ua juu ya mto, nililia. Mwanamke aliyekuwa na mikono myeusi ya mafuta ya kung'arishia, leo mtu amemwekea ua! Safari hii niliingia chumbani, macho yangu yakaenda moja kwa moja kwenye kikunjo kibaya cha pazia. Ua nililiona baadaye. Sasa nani amebadilika, meli au mimi? Niliona ni swali la kujibiwa, wala si la kulalamikia.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwenye kikanisa cha meli kusali rozari. Zamani palikuwa na padre kila safari. Mwaka huu hakuna padre, na chumba kimetandikwa mikeka ya mazoezi ya viungo. Niliikunja mikeka nikaiweka pembeni, nikamtoa Bikira Maria kabatini, nikaanza. Wafanyakazi wachache walikuja, wakiwa bado na aproni zao. Wilmer alikuwa mmojawapo. Ni mtu wa Peru, mzoefu wa bahari, na hajawahi kukosa rozari yangu.

Mwishoni huwa nauliza kama kuna mwenye nia ya kuombewa. Wilmer akainua mkono.

"Naomba tumwombee mtu anayerudi nyumbani kabla ya wakati wake."

Wenzake wakainamisha vichwa. Walipotoka nikamzuia mlangoni.

"Mtu huyo ni nani, mwanangu?"

"Ah, Mama Savina, mtu tu."

"Wilmer. Mbele ya Bikira Maria unaniambia mtu tu?"

Akakuna shingo. Ndipo akaniambia. Bwana Vuksan, mkuu wa ukumbi wa chakula, alimwita ofisini. Meza yetu imelalamika mwaka juzi, ikalalamika mwaka jana. Safari hii wakili atasema mbele ya nahodha kwenye karamu ya wasafiri wazoefu, siku moja kabla ya Lisbon. Jambo likifika kwa nahodha, Wilmer anashushwa Lisbon na mkataba umekatika. Mtu aliyeshushwa hivyo, meli nyingine haimchukui.

"Na supu hiyo ina kasoro gani?" nikamwuliza.

"Mimi naileta kama mnavyoipenda, mama."

"Sikia. Siwezi kusimama nikasema uongo kwa ajili yako. Kama chakula ni kibaya, ni kibaya. Lakini hakuna mtu atakayeshushwa kwenye meli hii kabla sijajua ukweli wote. Nimekuahidi."

Nilianza na Clelia. Nilimkuta kwenye kiti cha kuotea jua, amejifunga kitambaa kichwani.

"Mwambie Ubaldo aache hilo jambo la supu. Kijana atafukuzwa."

"Basi wamfukuze! Sisi tumevaa nanga za dhahabu za wasafiri wazoefu kifuani, Savina. Tusiposema sisi tuliozoea, atasema nani? Hawa wageni?" Akaonyesha kwa kidevu watu wawili waliokuwa wakipigana picha kwenye reli. "Hao hata ukiwapa maji ya kuoshea vyombo watasifu."

"Na kwa nini huombi chumvi?"

Aligeuka akanitazama kama nimetukana. Nilijua atanitazama hivyo. Kwetu mtu hawezi kuomba chumvi kwenye meza ya watu. Kuomba chumvi ni kumwambia mpishi usoni kwamba hajui kazi yake. Mama mkwe wangu alikula miaka na miaka kwa shemeji yake chakula kisicho na ladha, akasema tu nyumbani.

"Mimi binti wa Orta niombe chumvi?" akasema Clelia. "Afadhali nilalamike."

Wale wawili wa kwenye reli walikuwa Agata na mumewe Saro, wauza samaki kutoka Catania. Hawajawahi kupanda meli ya namna hii. Watoto wao waliwapa safari kama zawadi ya kustaafu. Meza yao ilikuwa jirani na yetu. Jioni ile nikawatazama badala ya kutazama sahani yangu. Saro alikunywa supu, akafumba macho. Agata akachovya mkate ndani ya sahani ya mumewe, akapigwa kofi mkononi.

"Una yako, mwanamke!"

"Yangu nimeimaliza. Wewe unakula kama askofu."

Nikatazama meza yetu. Supu ileile, anyoloti zilezile, vile vifuko vidogo vya unga vilivyojazwa nyama. Clelia alikuwa amekunja mdomo. Ubaldo alikuwa anaandaa maneno yake ya kesho, akisogeza midomo.

Nikachukua kijiko changu nikasimama.

"Unakwenda wapi na kijiko?" Clelia akanong'ona. "Savina! Kaa chini! Watu wanaona!"

Ukumbi mzima uliniona, ni kweli. Mwanamke mwenye nanga ya dhahabu kifuani hasimami katikati ya chakula, sembuse na kijiko mkononi. Nilifika mezani kwa Agata.

"Mama, samahani. Naomba nionje supu ya mumeo."

Agata alinitazama toka juu mpaka chini, akatazama kijiko. "Kwenu hawajawaletea?"

"Wameleta."

"Basi mnawekewa nini kule dirishani? Tangu jana nawaona mnakula kama mko matangani." Akaisogeza sahani. "Saro, mpishe dada aonje."

"Wote mnaitaka sahani yangu," akasema Saro. "Onja, mama, kabla huyu hajaimaliza."

Nikaonja.

Ilikuwa ile supu. Ile ya mwaka wa kwanza, iliyokuwa ikiteremka ikakupasha moto mpaka magotini. Na ilikuwa na chumvi. Mbele ya Saro palikuwa na kibakuli kidogo cha chumvi, cha fedha, chenye kijiko chake. Nikageuka nikatazama meza yetu. Hatukuwa na kibakuli. Meza zote za ukumbi zilikuwa nacho isipokuwa yetu. Nikajaribu kukumbuka ni lini kiliondoka. Nilipokumbuka, nikashika kiti cha Agata.

Ni mimi niliyesema kiondoke.

Moyo wa Ettore ulipoanza kusumbua, daktari alimkataza chumvi kabisa. Mezani alikuwa anachovya kidole kwenye kibakuli akidhani simwoni. Nikamwambia Wilmer: kiondoe, usikirudishe. Kisha Ettore akaona haya kuletewa sahani yake peke yake, kama mgonjwa mbele ya wenzake. Clelia ndiye aliyepiga meza akasema, "Basi na mimi niletee kama ya kaka." Ubaldo akasema na yeye. Wote wanne tukala bila chumvi, na Ettore akiwa hapo na masihara yake, nani alikuwa anasikiliza ulimi?

Wilmer alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni. Nilimwendea moja kwa moja.

"Supu yetu inatoka chungu gani?"

Akashusha macho. "Cha Bwana Ettore, mama. Kila jioni mpishi anakitenga kabla ya kutia chumvi."

"Ettore amekufa, Wilmer. Kwa nini hukuuliza?"

"Mwaka ule uliporudi bila Bwana Ettore ulikuwa na nguo nyeusi, nami nikaileta kama kawaida. Ukaila yote, ukafanya ishara ya msalaba. Ningekuulizaje? Kisha ukapita mwaka mwingine." Akatazama viatu vyake. "Bwana Vuksan anatufundisha kwamba mgeni wa zamani haulizwi mara mbili. Unakumbuka anachotaka, unamletea."

"Umemwambia Vuksan hivi?"

"Nimwambie wageni wangu wamesahau? Hapana, mama."

Sikurudi kumaliza chakula. Nilikwenda kikanisani nikakaa. Ningeweza kumwambia Ubaldo pembeni, jambo likaisha kimyakimya. Lakini Vuksan alikuwa na malalamiko ya miaka mitatu, na maneno ya pembeni hayafuti maneno yaliyosemwa mbele ya watu. Nikaamua yafutwe palepale yatakaposemwa.

Karamu ya wazoefu ina utaratibu wake. Tunavaa nanga zetu, nahodha anapita akishika mikono, kisha mmoja anazungumza kwa niaba ya wote. Ubaldo alikohoa, akavuta koti. "Mheshimiwa Nahodha," akaanza, "sisi tuliopenda meli hii tangu enzi zake..."

"Ubaldo, kaa," nikasema.

"Eh?"

"Kaa, nitasema mimi. Ukiona nimekosea utanisahihisha, wewe si wakili?"

Clelia alinivuta mkono wa gauni. Nikauondoa mkono wake taratibu.

"Nahodha, mimi sijui kupamba maneno. Taulo zenu zimekuwa nyembamba, hilo ni kweli. Padre mmemwondoa na kikanisa mmekifanya mahali pa kunyooshea miguu, hilo ni kweli na ni aibu. Wilmer alikuwa na mwenzake, leo anahudumia peke yake meza za watu wawili, na wewe unalijua. Haya yote nayalalamikia, na nitayalalamikia mpaka nifike Genova. Lakini hili la supu, supu ni yetu sisi. Tuliagiza bila chumvi kwa ajili ya mume wangu. Tumesahau. Wilmer hakusahau. Jana nimeonja ya jirani, ni nzuri kuliko ninavyoikumbuka. Kama kuna wa kushushwa Lisbon kwa sababu ya supu, nishusheni mimi."

Bwana Vuksan alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Nahodha akamtazama, kisha akamtazama Ubaldo.

"Kwa hiyo meza yenu haina malalamiko juu ya mhudumu?"

"Nimeyaondoa," nikasema. "Na Ubaldo anayaondoa."

"Mimi?"

"Wewe."

Ubaldo akakunja karatasi yake akaitia mfukoni. "Nayaondoa," akasema. "Yote ya mhudumu. La taulo nalibakiza."

Watu wakacheka, nahodha naye. Akamwambia Vuksan kwamba mhudumu anayekumbuka namna hiyo haendi popote. Juu ya padre aliahidi kuandika kwa wakubwa. Nikamwambia nitamkumbusha kila asubuhi.

Clelia hakunisemesha. Lisbon tuliteremka, nikawasha mshumaa kanisani, yeye akabaki nje kwenye ngazi na miwani yake ya jua.

Jioni, tuliporudi melini, kibakuli cha chumvi kilikuwa mezani. Wilmer alileta supu. Ubaldo akaonja, akasema, "Ohoo," akainamia sahani asiinuke tena. Mimi nikafanya ishara ya msalaba nikaanza kula. Kutoka meza ya jirani Agata akapaza sauti: "Vipi dada, matanga yameisha?"

"Yameisha," nikamjibu.

Clelia alikunywa kijiko kimoja. Akanywa cha pili, nikaona kidevu chake kinacheza.

"Imezidi chumvi," akasema.

"Clelia!" Ubaldo akaguna.

"Nimesema imezidi." Hakumtazama yeyote kati yetu. Aligeuka kwa Wilmer, na sauti yake ikawa ndogo. Sikumbuki kumsikia hivyo tangu mazishi. "Kile chungu cha kaka yangu. Bado kipo?"

"Kipo, Bi Clelia. Sikumwambia mpishi aache kukitenga."

"Basi mimi niletee cha kaka. Hawa wengine wape wanachotaka."

Wilmer akanitazama mimi kwanza. Nikamkubalia kwa kichwa, akaichukua sahani ya Clelia akaenda jikoni. Nikakisogeza kibakuli cha chumvi upande wangu, mbali na wifi yangu, nikaendelea kula.