Muuzaji Aliyefanyishwa Mtihani Wake

Mwalimu Aoko alifundisha Kiswahili Gredi ya Sita katika shule moja ya kibinafsi mjini Ruiru. Alimdharau Gachau kabla hata hajamwona. Gachau aliuza programu ya kutunga mitihani, na wiki iliyotangulia, kwenye majaribio, programu hiyo ilimpa Nzisa, mwanafunzi wa Aoko, sufuri kwa sababu aliweka nukta mwishoni mwa kila jibu. Mtoto alilia hadi akatapika.

Sasa Gachau mwenyewe alikuwa amekuja kutoka Thika, kasimama kwenye maabara ya kompyuta mbele ya walimu, viatu vinang'aa.

"Unaandika mada, unabonyeza hapa, mtihani tayari! Inasahihisha yenyewe. Walimu, hamtahitaji hata kufikiria."

Mwalimu mkuu, Bi. Wangechi, akapiga makofi. Aoko akamtazama yeye pia kwa dharau. Mwanamke huyo alikuwa amefundisha miaka ishirini, na leo anashangilia kuambiwa asifikirie.

"Tunga maswali ya ukanushaji," Aoko akasema.

Gachau akabonyeza. Maswali kumi yakatokea ukutani.

"Haya, keti uyafanye."

"Mimi, madam?"

"Wewe. Ni ya watoto wa miaka kumi na mmoja."

Walimu wakaangua kicheko. Gachau akaketi. Swali la kwanza lilimtaka akanushe "Mtoto anacheza." Majibu yalikuwa manne: Mtoto hapana cheza. Mtoto si anacheza. Mtoto hakuna kucheza. Mtoto hawachezi.

Gachau akajikuna shingo. "Jibu lenyewe haliko."

"Chagua tu. Watoto hawatakuwa na wa kumlalamikia."

Akabahatisha mpaka mwisho. Alipata mbili kwa kumi, na chini yake mashine ikamwandikia: *Hongera, mwanafunzi hodari!*

"Si hiyo ni shida ndogo tu?" Wangechi akauliza. "Itarekebishwa."

"Na nani? Huyu?" Aoko akasema.

Wangechi akaisoma tena ile hongera ukutani. Gachau akafunga laptopu yake, akasema atapiga simu. Wangechi akamwambia asijisumbue.

Alasiri hiyo Aoko aliwaonyesha wenzake programu ya bure aliyojifunza chuoni Juja. Ndani yake mwalimu hutunga maswali mwenyewe, na kila swali huliwekea majibu yote yanayokubalika. Ilikuwa kazi ya kuchosha. Walimu wawili walitoroka kabla ya saa kumi. Wangechi alibaki kwenye kiti cha nyuma, akiandika polepole swali lake la kwanza baada ya miaka mingi, nalo lilikuwa na makosa mawili. Aoko akayaona, akamwachia ayatafute.